Kukagua cheni ya taimingi kwenye gari kongwe kabla hujatoa pesa

Jambo la kwanza, na ukilishika hili hata ukiacha kusoma hapa hapa utakuwa umefaidi: gari ikaguliwe injini ikiwa baridi. Baridi kweli, imelala usiku kucha, si ile "nimeizima sasa hivi tu sheikh, njoo uisikilize ilivyotulia". Ukifika kwa muuzaji ukaikuta inanguruma nje inakusubiri, boneti ya moto na mwenyewe keshatoa tabasamu, bas ujue kuna kitu hutokisikia siku hiyo. Pengine hana nia mbaya lakini matokeo ni yale yale, maana dalili kubwa ya cheni ya taimingi iliyochoka (ndo ile inayounganisha kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamu, shafti inayofungua valvu) inatoka kwenye sekunde chache za mwanzo asubuhi, zikishapita hizo huzipati tena mpaka kesho yake.

Mie nilipigwa hivo hivo. Hilux ya zamani, injini 22R, rangi imerudiwa inameta kama sufuria mpya, nimeifata Mwanakwerekwe, huku kwetu Unguja, saa 10 za jioni, jamaa katoka nayo safari ndo kwanza anaiegesha, nikaizungusha mtaa mmoja nikatoa pesa. Kesho yake alfajiri naiwasha natoka kwenda kuswali, nikasikia mlio kama mtu anamwaga kete za bao kwenye ubao, sekunde mbili tatu, kimya. Nikajisemea oili haijapanda. Ilikuwa haijapanda kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari, nusu nyengine niliijua wiki ya tatu nikirudi Chwaka. Ntaifikia.

Sasa kabla ya yote hakikisha gari yenyewe ina cheni. Usicheke, watu wananunua "cheni mpya" ambayo haipo. Volkswagen Beetle haina cheni wala mkanda, kamu yake inaendeshwa kwa gia moja kwa moja, na nshamsikia mtu kwa masikio yangu akisifu Beetle yake kuwa cheni imebadilishwa juzi. Toyota za dizeli za 2L na 3L zina mkanda wa mpira, huo una habari yake na masharti yake ya kubadilisha. Zenye cheni ambazo bado unazikuta huku kwetu ni kama Corolla KE70 ya injini 4K, Datsun 1200, Peugeot 404 na 504 za petroli, Morris Minor kwa wenye mapenzi nayo, Land Rover Series za injini ya 2.25, Hilux za 22R, na bila shaka Benz W123, ile ya miaka ya 1976 mpaka 1985 ambayo kila mzee mwenye heshima zake aliitamani, 240D na 300D zikiwa ndo ngumu kufa.

Watu wanasema cheni "imevutika". Chuma hakivutiki kama mpira, yakhe. Kinachotokea ni kuwa kila kiungo cha cheni kina pini na bushi yake ndani, na hizo zinalika kidogo kidogo. Fanya hesabu, cheni ina viungo 100, kila pini imelika 0.02 mm, kitu chembamba kuliko unywele, ukijumlisha cheni nzima imerefuka 2 mm. Tenshena, kile kifaa kinachoikaza cheni, inauchukua ule ulegevu kwa hiyo gari inaendelea kwenda, lakini kamu sasa iko nyuma ya kranki, valvu zinafunguka zikiwa zimechelewa, nguvu za chini zinapungua, gari inakuwa nzito, na kwa kuwa Unguja ni tambarare unaweza usigundue mpaka uipeleke Pemba kwenye vile vilima ndo unaona gari ya watu wanne inaomba gia ya kwanza. Ikizidi hapo cheni inaanza kupiga ukuta, inavunja gaidi, inaruka jino, na kwenye dizeli kama za W123 pistoni inakuja juu karibu kabisa na hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, hakuna nafasi ya msamaha, valvu ikichelewa sana inapigwa.

Magaidi ninaowasema ni zile plastiki au vipande vya chuma vilivyovaa plastiki au mpira ambavyo cheni inateleza juu yake, ndo mafundi wanavyoziita, sio wale wa kwenye taarifa ya habari. Ingawa likivunjika moja usiku njia ya Jozani huoni tofauti yao sana.

Na usitegemee kilomita kwenye dashibodi. Gari nyingi za umri huo mita yake ina tarakimu tano, ikifika 99,999 inarudi mwanzo, kwa hiyo 43,000 unayoiona inaweza kuwa 143 au 243, au waya ulikatika zamani gani huko mita ikalala. Halafu kisiwani kwetu kuna hadaa nyengine, mtu anakwambia "gari haijatembea, inaishia mjini tu". Kisiwa kizima kichwa hadi mguu ni kama kilomita 85, ni kweli haijatembea, lakini imewashwa mara ngapi? Darajani na kurudi, skuli na kurudi, kila safari injini haijapata moto sawasawa inazimwa, oili inachafuka haraka na kila kuwasha ni kuwasha kwa baridi. Cheni inalika zaidi kwa oili chafu kuliko kwa masafa. Gari ya kilomita nyingi iliyomwagwa oili kwa wakati naichagua mbele ya hiyo ya "mjini tu".

Haya, siku ya kuangalia. Mpigie mwenyewe usiku wake, kwa adabu, hasa kama ni mtu mzima, wala usimfanye ajione anashukiwa uwizi: "Ami shikamoo, nisamehe kwa usumbufu, nnakuja kesho baada ya alfajiri inshallah, naomba usiiwashe mpaka nifike." Wengi wanakubali. Akikwambia haiwezekani, lazima aiwashe aisogeze, betri hivi, jirani vile, mwambie utamsaidia kuisukuma. Ukifika weka kiganja juu ya boneti, halafu fungua uguse rediata na lile bomba la moshi linapotokea injini. Pakiwa pa uvuguvugu muage vizuri urudi siku nyengine. Nshafanya hivyo na gari nikaipata.

Wewe usikae kwenye usukani. Mwambie mwenyewe au rafiki yako awashe, wewe simama mbele, kichwa upande wa boneti, lakini mbali na feni, na tafadhali ukiwa umetoka msikitini moja kwa moja kanzu ile ipandishe au vaa suruali, feni haichagui. Mwambie asikanyage mafuta. Sikiliza kuanzia starta inapozunguka.

Injini yenye cheni na tenshena ya oili ikilala usiku, oili inashuka kutoka kwenye tenshena, kwa hiyo sekunde ya mwanzo kabla presha haijafika cheni iko huru kidogo. Mlio mdogo wa sekunde moja kwenye gari ya miaka arubaini sikuhukumu. Ukifika sekunde mbili mpaka tatu nauliza maswali. Ukipita hapo, au ukinyamaza halafu ukarudi gari ikishachemka iko sailensi, yaani inaunguruma yenyewe bila kukanyagwa, hiyo cheni imekwisha, au tenshena, au gaidi halipo, na vyote vitatu bei yake ni moja kwa sababu ukishafungua hubadilishi kimoja.

Kuna mtego hapo lakini. Filta ya oili ya bei poa, ile isiyo na valvu nzuri ya kuzuia oili isirudi chini, inaweza kukufanyia mlio mrefu asubuhi kwenye cheni nzima kabisa. Nshaona mtu kapewa hesabu ya cheni, tenshena, gasketi zote, akabadilisha filta tu mlio ukapungua ukawa wa kitu cha kawaida. Kwa hiyo kama kila chengine kimekaa vizuri na mlio tu ndo tatizo, mwambie mwenyewe mbadilishe oili na filta, wewe utoe pesa ya filta, murudie kesho asubuhi. Pesa ndogo hiyo. Na kinyume chake pia, kuna anayemimina oili nzito kama asali kuficha mlio, chomoa dipistiki, ile fimbo ya kupimia oili, utizame, oili inavyoning'inia kwenye ncha haitaki kudondoka na jana tu imewekwa mpya, muulize kwa nini.

Mlio unatoka wapi? Chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye kava la mbele la injini, mpini uegemeze kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, si ndani ya sikio. Utasikia injini kama mtu anaongea na wewe. Tapeti, zile zinazosukuma valvu, zinagonga tik tik tik juu kwenye hedi, mlio mkavu wa mpangilio. Cheni inakwaruza, shh-rr shh-rr, iko mbele, na ukipiga resi kidogo halafu ukaachia ghafla, pale resi inaposhuka ndo cheni legevu inajitoa zaidi kwa sababu mvutano unageuka. Dizeli hapa zinasumbua maana zenyewe ni kelele tupu, huko bisibisi haitoshi, utaenda kwenye kipimo ninachokieleza chini.

Zima gari. Fungua kifuniko cha kuwekea oili, weka tochi, ya simu inatosha. Kwenye injini nyingi za kamu juu unaona cheni yenyewe au walau gia yake. Angalia rangi. Kahawia ya kung'aa kama asali ya nyuki ni sawa, ni oili ya miaka. Nyeusi yenye tope nene, mtu hakuwa anamwaga oili. Na sisi watu wa pwani kuna rangi moja ya kuiogopa kuliko zote, ile nyekundu ya kutu kwenye viungo. Gari imelazwa kwenye banda miaka sita, upepo wa bahari unaingia, cheni sehemu ya juu oili imeshachuruzika zamani, unyevu na chumvi vinakaa. Mwenyewe kaja juzi katia betri na mafuta ikawaka, anafurahi, lakini kutu ile imechimba vishimo kwenye pini na sasa inajisaga kama msasa. Kutu kwenye ringi za tairi, kwenye milango, kwenye sakafu, vyote naweza kuvumilia na kupatana bei. Kutu kwenye cheni naiweka kwenye hesabu kama cheni mpya, bila mjadala.

Na kama mwenyewe anaruhusu kufungua kava la juu, ndo vizuri zaidi, nunua gasketi yake uende nayo kabisa ili usimuachie gari inavuja. Ukishafungua tizama meno ya gia ya kamu. Jino zima lina umbo sawa pande zote mbili. Lililoliwa linainama kama kucha ya ndege, upande mmoja umechimbika. Gia ikiwa hivo ukiweka cheni mpya juu yake itaila na hiyo mpya. Tizama pia gaidi sehemu unayoiona, plastiki ikiwa imegeuka kahawia nyeusi na ina mikwaruzo miwili mirefu hiyo ni kawaida ya umri, ikiwa imepasuka au kipande hakipo, kile kipande kipo mahali, na mahali penyewe ni kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Ndo maana fundi mwenye akili akimwaga oili haimwagi tu mtaroni (tena usimwage mtaroni). Pitisha kwenye kitambaa cheupe. Vipande vya plastiki, vya mpira, au chuma kinachometa kama unga wa fedha, vyote vina maana.

Sasa kipimo. Kusikiliza ni kusikiliza, watu wawili wanasikia vitu viwili, lakini digrii hazibishani. Nitaeleza kwa W123 dizeli kwa sababu ndo inayoulizwa sana na ndo rahisi kuliko zote, Wajerumani walikuwa wamefikiria.

Gari iwe haiko kwenye gia, hendibreki juu, swichi imezimwa na funguo uiweke mfukoni mwako, si kwa mtoto wa mwenye gari. Toa nyumba ya filta ya hewa, chomoa zile fimbo za akseleta zilizopanda juu ya kava, kumbuka zilivyokaa, piga picha kwa simu. Toa kava la valvu. Mbele kabisa utaiona gia ya kamu, na nyuma yake kuna washa nene yenye mfuo mdogo uliochongwa. Kwenye mnara wa kwanza unaoshikilia kamu pana alama imesimama. Hivo viwili ndo vinatakiwa vitazamane. Chini, kwenye puli ya kranki, kuna vipimo vya digrii vimechorwa na kidole cha chuma kinavionyesha. Futa kutu na grisi kwa brashi ya waya mpaka namba zisomeke, hapa ndo kazi yenyewe ya asubuhi nzima, nyengine ni mchezo.

Chukua soketi namba 27 na mpini mrefu, ingiza kwenye nati ya kranki mbele, zungusha injini kwa mkono. Mwelekeo ni ule ule wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari unaiangalia. Usirudishe nyuma. Ukipitiliza alama usijidanganye kurudi kidogo, zungusha mbele tena mizunguko miwili kamili, maana kamu inazunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili. Ukirudisha nyuma ulegevu wa cheni unahamia upande mwengine na unasoma uongo, na pia unaweza kuifanya cheni iruke kama tenshena haiko sawa. Na usizungushe kwa kuitia spana kwenye boliti ya gia ya kamu, nshaona, mtu anavuta injini nzima kwa boliti ndogo ile. Dizeli ina presha kubwa, mkono utakataa halafu utaachia ghafla, nenda taratibu, uipe muda ipumue.

Mfuo na alama ya mnara vikitazamana sawasawa, na kichwa chako kiwe mbele yake hasa, si pembeni, ukitizama pembeni unajipa digrii mbili za bure, simama. Shuka usome puli. Kama cheni ni mpya utakuta sifuri au karibu yake. Kama imelika utakuta kranki imeshapita sifuri, digrii 2, 4, 6, ndo kamu inafika. Hizo digrii ndo umri wa cheni.

Hukumu yangu, na mafundi wengine watabishana: mpaka 2 nanunua nikicheka. 3 na 4 nanunua lakini napatana bei, na najua dizeli itakuwa inachelewa kidogo kuwaka maana cheni hiyo hiyo ndo inaendesha pampu ya dizeli pia, pampu nayo inachelewa. Kuanzia 5 kwenda juu nahesabu cheni mpya. Utaambiwa kuna zile spii za kupinda, kichuma kinachokaa kati ya gia na kamu, unaweka iliyopinda inasogeza kamu mbele digrii kadhaa, na ni kweli kiwanda chenyewe kiliziuza za vipimo tofauti. Ni dawa ya homa. Valvu zinarudi mahali pake lakini cheni bado ni ile ile. Ukinunua gari ukute imewekwa spii ya kupinda kipimo chako kitasoma vizuri na cheni mbovu, kwa hiyo muulize mwenyewe, na ukitilia shaka mwambie fundi atoe gia aangalie, si kazi kubwa.

Uzuri wa hizo Benz cheni mpya inaingizwa bila kufungua kava la mbele. Unakata kiungo kimoja juu, unaunganisha cheni mpya kwenye mkia wa ile kuukuu, mmoja anazungusha kranki taratibu na mwengine anashikilia isilegee wala isiruke jino, inatoka kuukuu inaingia mpya. Watu wawili wanaoelewana. Kile kiungo cha mwisho kipigwe na kifaa chake maalumu, sio nyundo na imani.

Benz za petroli angalia jambo moja zaidi. 230E za injini ya M102 za mwanzo zilikuja na cheni ya mstari mmoja, baadaye wakageuza wakaweka ya mistari miwili. Ya mstari mmoja ukiiona kupitia kifuniko cha oili iwekee wasiwasi hata kama haina mlio, haina ustahimilivu wa ile pana.

Kwa Morris Minor na jamaa zake ambazo kamu iko chini na cheni huioni kabisa, kuna ujanja wa wazee. Toa kifuniko cha distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, toa plagi zote ili injini iwe nyepesi, zungusha kranki kwa mwelekeo wake mpaka rota, kile kidude kinachozunguka ndani ya distribyuta, inatembea, simama. Chora alama ya chaki kwenye puli na kwenye kava lake. Sasa rudisha kranki nyuma polepole sana, jicho kwenye rota, ikianza tu kutikisika simama. Pima umbali wa alama mbili kwa rula. Ulegevu wote wa cheni uko hapo, pamoja na kidogo cha gia ya distribyuta yenyewe. Kugeuza milimita kuwa digrii, puli ya kipenyo cha sentimita 11.5 kila mm 1 ya mzingo ni karibu digrii 1, puli yako ikiwa kubwa au ndogo gawa 360 kwa mzingo wake. Ukipata zaidi ya digrii 10 kamu inazurura. Najua juu nimesema usirudishe nyuma, hii ni kwa injini ambazo hazina tenshena ya meno inayojifunga, na ni kusogeza kidogo tu, usije ukafanya hivi kwenye Benz halafu ukanitafuta.

Ukiwa na taa ya taimingi, ile inayowaka kila plagi inapopiga moto, kwenye injini ambayo distribyuta inaendeshwa na kamu, mulika alama ya puli gari ikiwa sailensi. Alama ikitulia, sawa. Ikicheza cheza kama imelewa, ulegevu upo mahali. Kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda, nayo inasema kitu, silinda zote zikiwa chini kwa pamoja na kwa usawa wakati gari haitoi moshi wa buluu, shuku kamu imechelewa kabla hujashuku ringi za pistoni.

Turudi kwenye Hilux yangu. 22R za zamani zilikuwa na cheni ya mistari miwili na gaidi za chuma, halafu kwenye miaka ya 80 wakageuza wakaweka cheni ya mstari mmoja na gaidi za plastiki. Gaidi la upande wa kushoto wa gari, ule upande cheni inapovutwa, plastiki yake ikizeeka inapasuka, ikipasuka cheni inaanza kuchapa kava la mbele, na kava hilo ni la alumini, na nyuma ya ukuta ule kuna njia ya maji. Cheni inakata kama msumeno. Siku inatoboa maji yanaingia kwenye oili. Mie nilitoka Chwaka gari inapanda joto, nikasimama Tunguu, nikachomoa dipistiki nikaona chai ya maziwa. Nilikaa kwenye kivuli cha mwembe nikiitizama ile dipistiki muda mrefu kuliko ilivyostahiki.

Kwa hiyo ukienda kununua 22R, tochi ndani ya kifuniko cha oili, angalia ule upande wa kushoto. Na hapa ukitizama video za Wamarekani watakwambia "upande wa dereva" ndo unaovunjika, dereva wao anakaa kushoto, wa kwetu kulia, mie niliangalia upande wa kulia nikaona gaidi zuri linang'aa nikaridhika. Angalia na kifuniko chenyewe chini yake, kuna ute wa kahawia mweupe? Fungua rediata ikiwa baridi, maji yanapungua kila siku na hakuna panapovuja nje? Hayo yanakwenda wapi?

Likitokea hilo sio cheni tu tena, ni kava la mbele, pampu ya maji ukiwa hapo hapo, gasketi, na oili iliyoingia maji imepita kwenye beringi zote. Spea mpaka ziletwe kwa boti kutoka Dar, na ukimuagiza mtu Kariakoo mwambie alete gaidi za chuma zilizovishwa mpira, zipo, si zile za plastiki tupu, na amuonyeshe muuzaji ile kuukuu mkononi, maana seti ya miaka ya mwanzo na ya baadaye hazifanani na boti ya kurudisha ni nauli nyengine.

Ukishapata majibu yako usimtangazie mwenyewe mbele ya watu kuwa gari yake mbovu. Mvute pembeni, mwambie digrii ulizozikuta, mwonyeshe alama kwenye puli aone mwenyewe, muulize fundi wake kwa kazi hiyo anataka kiasi gani, nusu yake au yote iondoke kwenye bei. Mie Benz niliyonayo sasa niliikuta digrii 6, mzee mwenyewe kainama kaangalia kidole cha chuma, kaniangalia mie, kasema "kumbe ndo maana," akateremsha bei kabla sijafungua mdomo.